Upande wa Mlimani

Tangi la maji la Kilimatangi lilikuwa la duara, na kitu cha duara hakina pande. Hata hivyo kila fundi aliyewahi kulikagua alilihesabia pande nne, na katika hizo nne akapima tatu.

Anyisile alilijua hilo kabla hajajua kusoma. Alikulia chini ya tangi lile, nje kidogo ya mji wa Njombe, katika nyumba ya vyumba viwili ambayo jumuiya ya watumia maji ilimpa mama yake, Esnath, mhudumu wa koki. Sasa alikuwa na miaka thelathini na miwili na stashahada ya ufundi mitambo. Kazi alikuwa nayo katika kampuni ndogo ya ukaguzi wa matangi pale Makambako, na Jumatatu hiyo ya mwezi wa kumi alikuwa ofisini, amefungua faili la Kilimatangi, chai imepoa mezani hajaigusa.

Tangi lilijengwa mwaka 1979 kwa pleti za chuma za milimita sita. Lilikuwa limekaguliwa mara ya mwisho miaka mitano iliyopita. Mstari wa kwanza wa jedwali la unene ulikuwa wa upande wa bondeni, pleti ya chini kabisa: 5.6, 5.5, 5.6. Mashariki na magharibi zilikuwa na namba zao, zilizopishana kidogo kama inavyotakiwa. Mstari wa nne ulikuwa wa mlimani: 5.6, 5.5, 5.6.

Chuma hakiliki hivyo. Hata pleti mbili zilizotoka kiwandani siku moja zikasimama jua moja na mvua moja, kutu huchagua pa kuanzia. Mtu yeyote mwenye macho angeuona mstari ule umenakiliwa kutoka wa kwanza, na Anyisile hakuhitaji hata macho. Mwandiko ulikuwa wake.

Alifunga faili, akaliweka kwapani, akatembea hadi ng'ambo ya reli kwa Mzee Sila.

Mzee Sila ndiye aliyemfundisha kazi. Alikuwa amestaafu, anafuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba, na upepo wa Makambako ulikuwa umemfanya avae koti zito na kofia ya sufu mchana kweupe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja na faili, kwa hiyo hukuja kunisalimia. Kaa hapo. Sogeza hilo debe."

Anyisile alimpa jedwali. Mzee aliliweka mbali na macho, kisha akalileta karibu, kisha akalirudisha bila kulisoma lote.

"Kilimatangi," alisema.

"Kesho naenda kulipima upya. Safari hii ripoti ni yangu peke yangu."

"Na unataka nikwambie nini? Ulikuwepo."

Ndiyo, alikuwepo. Alikuwa msaidizi, daftari mkononi, mwezi wa tatu kazini. Mzee Sila alikuwa amesimama mbele ya lile tuta la udongo lililoegemea tangi upande wa mlimani, mayungiyungi meupe yamelijaa, akaning'iniza kipimo chake cha unene kama mtu aliyekosa njia. Kisha akasema, bila kugeuka: upande wa mlimani andika kama wa bondeni. Naye Anyisile akaandika, haraka, akiwa na shukrani moyoni.

"Mzee, ulijua ni kaburi?"

"Kila mtu alijua. Aliyenitangulia aliniambia, naye aliambiwa na wenyeji. Pale kilimani mtoto ambaye hajaota meno huzikwa na wanawake, mwanaume hasogei wala haulizi. Ningefanyaje? Nivue viatu nipande kwenye kaburi la mtoto wa watu na brashi ya waya? Na mama mwenyewe kasimama mlangoni ananiangalia, kanipikia viazi?"

"Ungeacha mstari wazi."

"Ningeacha wazi wangeniuliza kwa nini." Alivuta koti. "Wewe ni mwanamke, tena ni wa pale. Ungesema 'mzee, nipe mimi nipime', ningekupa. Sikukusikia ukisema."

Anyisile alilirudisha jedwali kwenye faili. Kuku walikuwa wakigombana nyuma ya nyumba.

"Ukiandika," mzee alisema alipomsindikiza hadi njiani, "jina langu litangulie lako. Mimi ndiye niliyekwambia."

*

Mtoto aliitwa Amon. Aliishi siku tisa.

Ilikuwa mwaka wa tisini na nane, zile mvua zilizovunja madaraja. Baba yao, Nahumu, Mkinga wa Makete, alikuwa amekwenda kwao kumzika kaka yake, na barabara ikafungwa na tope nyuma yake. Mtoto alizaliwa akafa Nahumu hajapata hata habari kwamba amezaliwa. Kumpeleka Makete kuzikwa kwa baba zake hakukuwezekana, na kiwanja cha jumuiya hakikuwa na makaburi. Wanawake watatu wa kilimani walichimba mahali pekee ambapo maji ya mvua hayakuwa yakipita, kati ya tangi na kilima, wakamlaza hapo.

Anyisile alikuwa na miaka sita. Alichokumbuka vizuri si mazishi bali miaka iliyofuata. Kila masika mvua ililibomoa tuta, na kila mwezi wa tano, mvua ikikatika, mama alilirudishia. Alichimba udongo mwekundu kando ya njia, Anyisile akaubeba kwa kopo la mafuta ya kupikia, safari baada ya safari, mama akaushindilia kwa viganja. Baba alirudi, akaishi miaka mitano, akafa naye, akazikwa kwao Makete. Mama akaendelea kurudishia. Tuta lilianza likiwa kimo cha kifundo cha mguu. Lilipanda mpaka gotini, mpaka pajani. Mama aliligusisha na tangi kwa sababu, alisema, mtoto asilale ameachwa na upepo.

Chuoni Anyisile alifundishwa udongo wenye unyevu ukiegemea chuma hufanya nini. Alikaa darasani siku ile akaandika kila kitu, akapata alama nzuri kwenye swali lake la mtihani, na asimwambie mama neno.

*

Jumanne saa nne asubuhi alikuwa kilimani. Mwenyekiti wa jumuiya, Abrahamu, alimpokea akiwa na suti ya kanisani na viatu vya mvua.

"Kamwene, mkaguzi. Leo tukuite binti au tukuite bosi?"

"Kamwene, mwenyekiti. Niite vyovyote, mradi uniletee ngazi."

"Ngazi ipo. Na rangi umeiona? Ya mwaka jana, Mwenge ulipopita. Tangi linang'aa kama bibi harusi."

"Rangi nitaikwangua."

"Haya. Bibi harusi huwa anavuliwa shela," Abrahamu alisema, akacheka mwenyewe.

Alipima pande tatu hadi saa saba. Alikwangua rangi ya bluu mpaka chuma kikaonekana, akapaka jeli ya kupitisha mawimbi ya kipimo, akakandamiza kichwa cha kipimo, akasubiri namba itulie. Pleti ya chini, bondeni: 5.4. Mashariki: 5.3. Magharibi: 5.5. Kwa tangi la kimo kile, lenye kubeba lita laki tatu na themanini elfu, hesabu yake ilisema pleti ya chini isipungue milimita tatu nukta moja. Pande tatu zilikuwa salama kwa miaka mingi. Kutoka pale juu ya ngazi aliona mabati ya shule ya msingi chini ya mteremko, na watoto wa sweta za kijani wakipanga foleni ya uji. Yeye mwenyewe alipanga foleni ile miaka saba.

"Imebaki ya mlimani," alisema aliposhuka.

Abrahamu aliacha kutabasamu. "Ile huwa haipimwi."

"Najua."

"Basi mimi nitakuwa ofisini," alisema, akaondoka haraka kuliko viatu vyake vilivyoruhusu.

Esnath alikuwa jikoni. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono mikubwa ya kufungua koki, na mitungi yake ilikuwa imepangwa kwa ukubwa kama wanafunzi. Alimwekea binti yake viazi na maharage, akakaa mbele yake kwenye kigoda.

"Umepima vizuri?"

"Pande tatu, mama. Nataka kupima na wa nne."

Esnath aliuchokoa moto. "Upande wa nne ulishapimwa."

"Haujapimwa."

"Umepimwa, Anyisile, na karatasi ninayo." Aliinuka, akaingia ndani, akarudi na karatasi iliyovikwa nailoni. Ilikuwa nakala ya ripoti ile ya miaka mitano iliyopita. Jumuiya ilimpa kwa sababu chini yake palikuwa na jina la binti yake, naye aliiweka kabatini pamoja na Biblia na cheti cha ndoa. "Mchungaji nimemwonyesha. Mke wa mchungaji nimemwonyesha. Wageni wote waliokanyaga hapa. Mstari wa nne huu hapa, na jina lako hili hapa."

Anyisile aliangalia viazi vyake. "Mstari wa nne sikuupima, mama. Niliandika tu namba za upande wa bondeni."

Esnath aliendelea kuishika ile karatasi.

"Ulitunga."

"Nilinakili."

"Ulinakili." Alikaa. "Kwa nini?"

"Kwa sababu ya Amon. Sikutaka nichimbe. Sikutaka wewe unione nikichimba."

Jina hilo lilikuwa halijatajwa ndani ya nyumba ile kwa muda mrefu. Esnath aliikunja ile karatasi mara mbili pamoja na nailoni yake, ikakataa, ikafunguka tena mapajani mwake.

"Wale watoto wa pale chini," alisema, "miaka mitano wamesoma chini ya namba ya kunakili."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi kila asubuhi nalijaza."

"Ndiyo."

"Tangi hili halijawahi kunidondokea tone. Miaka thelathini na moja. Huenda upande ule ni mzima kabisa."

"Huenda."

"Unaamini hivyo?"

"Hapana."

Esnath alisimama, akaichukua sahani ya binti yake ambayo ilikuwa bado imejaa, akaifunika kwa sahani nyingine. "Hakuna jembe litakalogusa pale," alisema. "Nenda kalale kwa shangazi yako mjini. Humu ndani leo sina nafasi."

*

Asubuhi ya Jumatano, Anyisile alipopanda kilima, aliusikia mlio kabla hajaona chochote. Ulikuwa mlio wa maji yanayoshuka kwa nguvu kwenye bomba la kumwagia, mlio aliousikia mara mbili au tatu tu maishani. Mama yake alikuwa amesimama kwenye koki kubwa, ameishika kwa mikono miwili. Koki ya kuingizia alikuwa ameifunga tangu alfajiri. Nusu ya mitaa ya chini ilikuwa haina maji na Abrahamu alikuwa na simu mbili, moja kila sikio.

"Nimelishusha mpaka mita mbili," Esnath alimwambia binti yake bila kumwangalia. "Uliwahi kuniambia tangi halichimbwi pembeni likiwa limejaa. Au hiyo nayo ulinakili?"

"Hiyo ni kweli, mama."

"Basi. Nitachimba mimi. Wewe hukumzika."

Paskalina alikuwa ameshafika. Ndiye pekee aliyebaki kati ya wale wanawake watatu wa mwaka wa tisini na nane, bibi wa miaka sabini na kitu, mwembamba, jembe begani na blanketi kiunoni. Aliwatazama Abrahamu na mafundi bomba wawili waliokuwa wakizungukazunguka.

"Nyie mna kazi gani hapa?"

"Bibi, mimi ni mwenyekiti."

"Nenda ukawe mwenyekiti barabarani."

Walikwenda. Wakakaa kwenye ukingo wa barabara, migongo wamekigeuzia kilima, kama watu wanaongoja gari ambalo halina haraka.

Esnath alianza kwa kung'oa mayungiyungi, moja moja, na mizizi yake, akayapanga kwenye kivuli. Kisha jembe. Udongo wa juu ulikuwa laini, wa mwaka huu na mwaka jana. Chini yake ulikuwa mzito, mweusi, wenye maji kama unga uliokandwa. Walichimba kwa zamu, yeye na Paskalina. Anyisile alikaa kando na kipimo chake mapajani. Alikatazwa hata kubeba kopo.

Walipokaribia kina cha goti Esnath aliliweka jembe chini, akapiga magoti, akaendelea kwa mikono. Alichimba hivyo muda mrefu. Mwishowe mikono ilisimama.

"Paskalina," alisema.

Alikuwa ameinua kisweta. Kilikuwa cha njano, kilichofumwa kwa mkono, kimelowa na kushikwa na udongo, lakini kilikuwa kizima. Mikono yote miwili ilikuwepo, na shingo, na vifungo vitatu. Kilikuwa na ukubwa wa kiganja na nusu. Ndani yake hapakuwa na kitu.

Esnath aliingiza vidole viwili kwa shingoni, polepole, akavitoa kwa chini. Udongo tu. Akachambua udongo ule kwenye kiganja kwa kidole cha mkono wa pili, kama mtu anayechagua mchele, akaanza upya, akaanza tena.

"Uzi wangu huo," Paskalina alisema. "Nilikosa vifungo vya kufanana. Hicho kimoja cha kahawia nilikitoa kwenye koti la mume wangu, akanisema wiki nzima." Akajifunika uso kwa pembe ya blanketi.

Esnath hakulia. Aliukung'uta udongo kwenye kisweta, akakifunga kwenye kanga yake, akatoka kwenye shimo.

"Pima," alimwambia binti yake.

Anyisile aliingia. Rangi ya bluu ilikomea pale tuta lilipokuwa limekomea. Chini ya hapo pleti ilikuwa rangi ya kahawa, imevimba na kujikunja, na alipopitisha brashi kutu ilitoka vipande vipande kama maganda ya kitunguu. Alitafuta mahali penye chuma cha kutosha kulaza kichwa cha kipimo. Akapaka jeli. 2.4. Akasogea kiganja kimoja. 1.9. Akasogea tena, mpaka pale ambapo kisweta kilikuwa kimelala, ambapo udongo ulikuwa wa zamani kuliko wote. 1.3. Alifuta, akapaka jeli upya, akapima mara tatu. 1.3. 1.3. 1.2.

"Ngapi?" Esnath aliuliza kutoka juu.

"Moja nukta mbili."

"Na inatakiwa?"

"Tatu nukta moja."

Alipokuwa akiandika aliona kipande cha pleti, chini kidogo ya mkono wake, kikibadilika rangi. Kililowa. Tone likatokea, likakaa, likashuka. Jingine. Kisha ukatoka uzi wa maji, mwembamba kama sindano, ukapiga udongo wa shimo ukatoboa kijitundu. Tuta ndilo lililokuwa limeliziba tangi hilo, na tuta lilikuwa limeondoka.

"Fungua yote, mama," alisema. "Bomba lote." Alipiga kelele kuelekea barabarani, "Mwenyekiti, nenda shuleni. Watoto watoke, wapande huku upande wa kanisa. Nenda sasa hivi." Abrahamu alishuka mteremko na viatu vyake vya mvua, suti inapepea.

Hakuna aliyeumia. Maji ya mita mbili yalikwisha kwa saa tatu, uzi ule wa sindano ukapungua ukawa matone, matone yakakatika. Watoto walirudi madarasani wakifurahi kwamba hisabati imepita. Lakini Anyisile alikaa kwenye ukingo wa shimo, jeli imekauka vidoleni, akaitazama alama ya maji kwenye fimbo ya kupimia kina. Jana saa tisa tangi lilikuwa limejaa mpaka mita sita.

Mama yake alikaa upande wa pili wa shimo, kanga mapajani.

"Ni mimi," Esnath alisema.

"Ni udongo, mama."

"Udongo ulipandishwa na nani?"

"Na mimi pia. Nilibeba kopo."

"Ulikuwa mtoto." Alilainisha pindo la kanga. "Nilikuwa nadhani namfunika. Miaka yote hiyo nadhani namfunika, na yeye hayupo."

*

Kikao kilifanyika Ijumaa. Mitaa mitatu ilikuwa ikiteka maji mtoni, na kwenye foleni ya ndoo watu walishaanza kusema ni kaburi la mhudumu lililoua tangi, na wengine waliongeza mengine ambayo hayafai kurudiwa. Abrahamu alimvuta Anyisile pembeni kabla ya kuingia.

"Binti, sikiliza. Kwenye sababu, andika uzee. Tangi lina miaka arobaini na mitano, nani atabisha? Mama yako amefungua koki hii tangu mimi nina nywele. Asiondoke na hilo jina mgongoni."

Hakuwa akitania. Na Anyisile alitaka kuandika uzee. Alikuwa ameshaliandika, kwa penseli, asubuhi ile, na lilikaa vizuri kwenye kisanduku chake. Lakini alifikiri matangi mengine ya miaka ile ile, milimani kote huko, yaliyozungushiwa udongo, na maua, na migomba, na fundi anayefika na kusoma ripoti ya Kilimatangi ili ajue aangalie wapi. Angesoma uzee, angepima mahali ambapo mkono unafika, angeondoka.

Alilifuta. Kwenye sababu aliandika: udongo wenye unyevu ulioegemezwa kwenye pleti ya chini, upande wa mlimani, kwa miaka ishirini na sita. Chini yake aliongeza sentensi ambayo fomu haikuiomba. Kwamba miaka mitano iliyopita upande huo haukupimwa, namba zake zilinakiliwa, na aliyezinakili ni yeye. Jina la Mzee Sila aliliandika mahali pake, kama msimamizi, na la kwake akalitanguliza. Kisha aliisoma ripoti yote mbele ya kikao, na mama yake akiwa amekaa kwenye benchi la nyuma na kanga mbili. Aliposema maneno yale ya udongo, hakuna aliyegeuka kumtazama Esnath, na kule kutogeuka kulikuwa kubaya kuliko kugeuka.

Kampuni ilimnyang'anya Anyisile haki ya kusaini ripoti kwa miaka miwili. Akabaki akiwakwangulia wengine rangi. Tangi lilikatwa vipande mwezi wa kumi na mbili, likaondoka kwa lori la vyuma chakavu, na nyumba ya mhudumu ikarudi kwa jumuiya, kwa kuwa koki ya kuhudumia haikuwepo. Esnath hakusubiri kuambiwa. Alipanda basi la Makete kwenda kwa shemeji zake, na mayungiyungi kwenye ndoo, na kisweta alichokuwa amekifua na kukikausha kivulini. Barabara siku hizi ni ya lami. Safari iliyoshindikana mwaka wa tisini na nane ilimchukua asubuhi moja.

Hakumuaga binti yake. Paskalina ndiye aliyepiga simu Makambako kusema kwamba mama ameondoka, kwamba hakuacha ujumbe, na kwamba ile karatasi ya nailoni ameiacha juu ya jiko, haikuchomwa wala haikuchukuliwa.

Anyisile alipiga simu Krismasi. Shangazi yake wa Makete akapokea, akasema mama yuko shambani. Alipiga Pasaka. Mama yuko kanisani. Walikizika kile kisweta, shangazi alisema, kando ya Nahumu, wanawake peke yao, na Esnath alitaka shimo liwe fupi tu kwa kuwa cha kufunika si kikubwa.

Mwezi wa tano mvua zikakatika. Jioni moja Anyisile alikuwa juu ya tangi la mafuta nje ya Makambako, brashi ya waya mkononi, simu ikalia mfukoni. Alivua glovu kwa meno.

"Uko kazini?" Sauti ya mama yake ilikuwa na mafua ya baridi ya Makete.

"Niko kazini, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Unakwangua?"

"Nakwangua."

"Pande zote?"

Anyisile alilitazama tangi chini yake, alama zake za chaki zimelizunguka mpaka zikakutana. "Pande zote."

Upepo ulisikika kwenye simu, wa kule au wa huku.

"Mvua imeshusha udongo," Esnath alisema. "Leo nimerudishia. Nilibeba mwenyewe, sina wa kunibebea kopo." Akakohoa. "Huku ni udongo kwa udongo. Hauna wa kumuumiza."

Anyisile alitaka kusema atakuja Jumamosi, atabeba. Lakini simu ilikuwa imekwisha kukatwa, na hakujua kama ni mtandao au ni mama. Alivaa glovu. Sehemu aliyokuwa akiikwangua ilikuwa bado haijafika kwenye chuma, akaendelea.